Karo ya Mke na Mtoto wa Askari: Marekani Humpa Nani, na kwa Sharti Gani

Mwaka 1944, Marekani ilipotunga sheria ya kuwasomesha askari waliokuwa wakirejea kutoka Vita Kuu ya Pili, familia ya askari ilithaminiwa dola 25. Askari kapera aliyeingia chuoni alipewa dola 50 kwa mwezi za kujikimu, na mwenye mke au watoto akapewa 75. Hiyo tofauti ndiyo iliyokuwa fungu la mama na watoto. Karo yenyewe, iliyolipwa hadi dola 500 kwa mwaka, ilikuwa ya askari peke yake. Hakuna kifungu kilichompa mkewe haki ya kukaa darasani kwa gharama ya serikali.

Leo binti wa sajenti anaweza kumaliza shahada nzima katika chuo kikuu cha umma bila kulipa senti ya karo, na posho ya nyumba akapewa juu yake. Mjane wa askari aliyeuawa anaweza kusomea uuguzi au sheria kwa kiwango hichohicho. Lakini mtoto wa askari mwingine, aliyetumikia miaka minne, akapigana, akatoka jeshini kwa heshima zote, hapati chochote kutoka serikali kuu. Na mtoto ambaye baba yake amepimwa akaonekana ana ulemavu wa asilimia 90 uliotokana na jeshi hapati hata nusu ya anachopata yule ambaye baba yake ana asilimia 100 ya kudumu. Mwenye 90 hana, mwenye 100 anacho.

Haya si mambo ya mbali kwa msomaji wa Kiswahili. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani huruhusiwa kujiunga na jeshi la nchi hiyo, na vijana wetu wamejiunga. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango ulioitwa MAVNI, ulioruhusu hata wenye viza za muda kuandikishwa ikiwa ni wataalamu wa afya au wanajua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016. Waliopita humo sasa ni watu wazima wenye familia, na baadhi yao wanakaribia siku ya kuvua magwanda bila kujua kwamba siku hiyo ina uzito mkubwa kuliko siku waliyoapa.

Tatizo ni kwamba watu hulichukulia jambo hili kama zawadi moja kubwa ya taifa kwa familia za askari. Ukweli ni kwamba yako mafungu mawili, yaliyotungwa nyakati tofauti na kwa nia tofauti. La kwanza lilitokana na deni ambalo taifa lilijiona linalo kwa waliofiwa na kwa familia za walioharibika miili vitani. La pili lilitokana na hesabu za makamanda waliotaka askari wao wasiondoke. Masharti yote yanayowachanganya watu yanaeleweka mara moja ukijua unasoma masharti ya fungu lipi.

Deni kwa waliofiwa

Sheria ya 1944, iliyozoeleka kwa jina la GI Bill, ilisainiwa na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni, wiki mbili tu baada ya majeshi kutua Normandy. Aliyeiandika rasimu yake alikuwa Harry Colmery, wakili wa Topeka, Kansas, aliyewahi kuongoza chama cha askari wa zamani kiitwacho American Legion. Waliopitisha sheria ile waliikumbuka vizuri 1932, pale maveterani wa vita vya kwanza walipopiga kambi Washington kudai malipo yao, wakafukuzwa na jeshi lilelile walilolitumikia. Safari hii wanasiasa hawakutaka mamilioni ya vijana waliojua kutumia bunduki warudi nyumbani bila kazi wala shule. Maveterani wapatao milioni 7.8 walisoma au kujifunza ufundi kwa sheria ile. Weusi wa majimbo ya Kusini walizungushwa sana, kwa kuwa utekelezaji uliachwa mikononi mwa maofisa wa huko huko. Nao askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika vita hivyohivyo, walirudi makwao bila sheria ya aina hii kabisa.

Waliosahaulika katika sheria ile walikuwa watoto wa wasiorudi. Ilichukua miaka 12 kuwakumbuka. Mwaka 1956 Rais Eisenhower, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali, alisaini sheria ya kuwasomesha mayatima wa vita. Mwaka 1964 wakaongezwa watoto wa maveterani wenye ulemavu kamili, kwa hoja rahisi kwamba baba aliyelala kitandani maisha yake yote hawezi kulipa karo kama vile yule aliyezikwa. Mwaka 1968, Vietnam ikiwaka moto, wakaingizwa wajane na wake wa wenye ulemavu kamili. Kwa hiyo mwanamke alikuja kutambuliwa miaka 24 baada ya askari, tena kwa sharti kwamba mumewe awe amekufa au ameharibika kabisa.

Fungu hilo lipo hadi leo, nalo hujulikana kama DEA, au Sura ya 35 kwa wanaopenda kutaja sheria kwa namba. Humpa anayesoma muda wote takriban dola 1,500 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi 36 kwa walioanza kuanzia Agosti 2018. Kabla ya hapo ilikuwa miezi 45. Fedha huingia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, naye ndiye anayelipa chuo. Kwa anayesoma chuo cha jamii cha karibu huku akilala kwa mama yake, fedha hiyo inatosha na chenji inabaki. Kwa anayekwenda chuo kikuu cha jimbo jingine, haifiki popote.

Sifa kubwa ya fungu hili ni kwamba kila mtu ana lake. Baba mwenye ulemavu kamili na wa kudumu akiwa na mke na watoto watatu, wote wanne wana miezi 36 kila mmoja, na miezi ya baba mwenyewe haiguswi. Ufunguo wa yote ni neno "kudumu". Kuna maveterani waliokwisha kupewa asilimia 100 lakini VA, yaani idara inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, bado inataka kuwapima tena baada ya muda. Hao watoto wao wanasubiri. Barua ya VA inayotoa uamuzi wa ulemavu huwa ndefu na yenye kuchosha, na wengi huisoma hadi pale penye asilimia na kiasi cha fedha kisha wakaikunja. Ndani ya barua hiyohiyo huwamo sentensi inayosema kama familia imepata haki ya masomo. Nimeona familia ambazo barua imekaa kabatini miaka huku kijana akikopa fedha za chuo.

Umri nao uliwahi kuwa kikwazo kikubwa. Mtoto alitakiwa kutumia haki hii kati ya miaka 18 na 26, na mwenzi wa ndoa alihesabiwa miaka 10, au 20 katika hali fulani. Sheria ililegezwa: kwa ambao haki yao ilianza Agosti 1, 2023 au baadaye, na kwa watoto waliotimiza miaka 18 au kumaliza sekondari kuanzia tarehe hiyo, kikomo cha muda hakipo tena. Mtu ambaye sheria ya zamani ilikwisha kumfungia asidhani kwamba amefunguliwa. Tarehe ndiyo inayoamua.

Mwaka 2006, katika mkoa wa Anbar nchini Iraq, sajenti wa kikosi cha Marine aliyekuwa mtegua mabomu, John David Fry, aliuawa na bomu. Aliacha mke na watoto watatu wadogo. Msaada wenye jina lake, ulioanza mwaka 2009, ulikuwa wa watoto wa askari waliokufa kazini tangu Septemba 11, 2001, nao ni mnono kuliko DEA: karo yote ya chuo cha umma hulipwa, mwanafunzi hupewa posho ya nyumba, na dola 1,000 kwa mwaka za vitabu. Wajane walibaki nje yake kwa miaka kadhaa, hadi sheria ya 2014 ilipowaingiza kuanzia Januari 2015. Ni mwendo uleule wa 1956 na 1968: mtoto anaonewa huruma kwanza, mama baadaye.

Hapa lazima nitaje tofauti inayouma. Askari akifa akiwa kazini, hata kwa ajali ya gari la jeshi mazoezini, watoto wake wako chini ya Fry. Askari akitoka jeshini akiwa mzima, kisha miaka sita baadaye akafa kwa saratani iliyotokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini Iraq au Afghanistan, watoto wake wanapata DEA, na hata hiyo ni mpaka ithibitishwe kwamba ugonjwa ulitoka jeshini. Sheria ya Agosti 2022 iitwayo PACT ilirahisisha uthibitisho huo kwa kuorodhesha magonjwa yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yametokana na moshi ule na sumu nyingine. Watu wengi huizungumzia sheria hiyo kama sheria ya matibabu na fidia. Mjane ambaye dai lake lilikataliwa zamani ajue kwamba inaweza pia kumfungulia karo ya wanawe.

Mkataba wa miaka minne

Fungu la pili ndilo lenye kelele nyingi, maana ndilo linalowafikia watoto wa askari walio hai na wazima.

Seneta Jim Webb wa Virginia, Marine aliyepigana Vietnam, aliingia Seneti mwaka 2007 akiwa na mswada wa kurudisha ukarimu wa 1944. Mfumo uliokuwapo, wa miaka ya themanini, ulimtaka askari achangie dola 100 kwa mwezi kwa miezi 12, kisha ukampa kiasi ambacho hakikutosha karo ya vyuo vingi. Webb alitaka askari aliyetumikia baada ya Septemba 11 alipiwe karo yote ya chuo cha umma. Wizara ya Ulinzi haikufurahi, wala Seneta John McCain, naye mpiganaji wa Vietnam. Hofu yao ilikuwa kwamba ukimpa kijana chuo cha bure baada ya miaka mitatu, atakwenda chuoni, na jeshi lililokuwa na vita viwili mkononi litabaki bila masajenti. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilipiga hesabu na kukadiria kwamba wanaoongeza mkataba wangepungua kwa asilimia 16 na wanaojiunga wangeongezeka kwa asilimia 16 vilevile.

Suluhu ikawa familia. Katika hotuba yake ya Januari 2008 kwa Bunge, Rais George W. Bush aliomba askari waruhusiwe kuwahamishia wake, waume au watoto masomo ambayo wao wenyewe hawakuyatumia. Ombi hilo likaingizwa kwenye sheria aliyoisaini tarehe 30 Juni mwaka huo, na utekelezaji ukaanza Agosti 1, 2009.

Soma masharti yake ukiwa na historia hiyo kichwani. Askari anayetaka kumhamishia mkewe au mwanawe awe ametumikia angalau miaka sita, na akubali kutumikia minne zaidi. Maombi yafanyike angali jeshini. Akishatoka, hata kama alitumikia miaka 20 na ana nishani kifua kizima, hawezi kuanza kuhamisha. Mke au mume huweza kutumia mara moja. Mtoto husubiri mpaka mzazi atimize miaka 10 ya utumishi, awe amemaliza sekondari au amefikisha miaka 18, na amalize kutumia kabla ya kutimiza 26. Sita na minne ni kumi: ni jumla ya miaka ambayo jeshi lilitaka kumbakiza mtu huyo. Askari akivunja mkataba kwa hiari yake kabla ya minne kwisha, fedha zilizokwisha tumika huhesabiwa deni. Wanaotolewa kwa ulemavu na sababu chache nyinginezo husamehewa.

Kama kuna aliyedhani kwamba huruma ndiyo iliyoongoza, aangalie Julai 2018. Wizara ya Ulinzi ilitangaza kwamba askari waliotumikia zaidi ya miaka 16 wasingeruhusiwa tena kuhamisha. Kwa fikra ya kawaida hao ndio wanaostahili kwanza. Kwa fikra ya wizara, mtu aliyebakiza miaka minne kupata pensheni ya miaka 20 haondoki kwa vyovyote, kwa hiyo hakuna haja ya kumpa kitu cha kumbakiza. Malalamiko yalikuwa makubwa, tarehe ikasogezwa mbele, na mwishowe zuio halikutekelezwa. Lakini siku ile nia ya mpango ilisemwa waziwazi, na mimi naishukuru wizara kwa ukweli wake.

Fungu hili pia halizai. Miezi ni 36 tu, ileile ya askari, na hugawanywa. Chukua sajenti wa mfano aliyejiunga akiwa na miaka 22, akahamisha akiwa na 28, mwenye mke na watoto wawili. Mkewe anasomea uuguzi, anatumia miezi 20. Inabaki 16. Mwaka wa masomo hula takriban miezi tisa, kwa hiyo watoto wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja ana miezi minane, haifiki hata mwaka mzima wa chuo. Na baba mwenyewe hakujibakizia kitu. Familia nyingi husikia "chuo cha bure kwa familia" na kuhesabu vichwa badala ya kuhesabu miezi.

Kwa anayekipata, ni kitu kikubwa. Karo ya chuo cha umma hulipwa chuoni moja kwa moja. Chuo cha binafsi kina kikomo, ambacho kwa sasa kinakaribia dola 30,000 kwa mwaka, na vyuo vingine hujazia kwa mpango uitwao Yellow Ribbon. Mtoto hupata posho ya nyumba hata mzazi akiwa bado jeshini. Mke au mume wa aliye jeshini haipati, kwa hoja kwamba nyumba hiyo tayari inalipiwa na jeshi. Anayesoma kwa mtandao tu hupata nusu ya wastani wa taifa, jambo linalowashangaza wengi mwezi wa kwanza. Na kila mwisho wa mwezi simu ya mwanafunzi hupokea ujumbe wa VA unaomuuliza kama bado anasoma masomo yaleyale aliyojiandikisha. Anajibu ndiyo. Akipuuza miezi miwili mfululizo, posho inasimama, na hapo ndipo simu za usiku kwenda kwa baba huanza.

Mke wa askari ana nini?

Katika mpango huu wote, ninayemwona amepunjwa ni mwenzi wa ndoa. Jeshi huwahamisha watu wake kila baada ya miaka miwili mitatu. Mwanamke aliyeanza stashahada Texas anajikuta Washington, halafu Ujerumani. Krediti za masomo alizokusanya chuo kimoja zinakataliwa na kingine. Kwa miaka mingi, leseni ya ualimu au ya uuguzi ya jimbo moja mara nyingi haikuwa na kazi jimbo la pili. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi yenyewe umeonyesha mara kadhaa kwamba katika kila watano wanaotafuta kazi miongoni mwa wenzi wa askari, karibu mmoja hana kazi. Kuna mpango mdogo uitwao MyCAA unaowapa wenzi wa askari wa vyeo vya chini na vya kati hadi dola 4,000 za kupata cheti au leseni. Unasaidia, lakini hausomeshi shahada.

Sasa tazama sheria ya kuhamisha inavyomtendea. Haki ni ya askari hata baada ya kuihamisha. Anaweza kuipunguza au kuifuta wakati wowote, hata mkewe akiwa katikati ya muhula. Wakiachana, talaka yenyewe haimwondolei mke haki, ila mume anaweza kumwondolea siku hiyohiyo, na sheria imekataza waziwazi miezi hiyo isihesabiwe kuwa mali ya ndoa ya kugawanywa. Pensheni ya jeshi hugawanywa mahakamani; miezi ya masomo haigawanywi. Kwa mjane kuna sharti jingine: chini ya Fry na DEA, kwa kawaida akiolewa tena anapoteza haki yake, ingawa DEA ina msamaha kwa anayeolewa akiwa na umri mkubwa. Watoto wake hawaguswi na ndoa ya mama.

Watetezi wa mpango watasema kwamba aliyeapa ni askari, aliyehatarisha roho ni askari, na kitu chake hakiwezi kunyang'anywa na hakimu. Hoja hiyo ina nguvu kwa sheria ya mwaka 1944, ambayo ilikuwa malipo ya aliyepigana. Kwa fungu la 2008 haina nguvu. Miezi hii ilitolewa ili nyumba nzima ikubali miaka minne zaidi ya kuhamahama, na mke alikuwamo katika uamuzi ule, akaacha kazi, akafunga masanduku. Aliyelipa sehemu ya bei hastahili kushika kitu kinachoweza kufutwa kwa kubonyeza kitufe. Haki ingekuwa kwamba mwenzi akishaanza masomo, miezi aliyopewa iwe yake mpaka amalize, ndoa iwepo isiwepo.

Majimbo nayo

Mbali na serikali kuu, majimbo yana misamaha yake. Texas ina sheria iitwayo Hazlewood, inayofuta karo ya masomo ya hadi saa 150 katika vyuo vya umma, na tangu 2009 veterani wa jimbo hilo anaweza kumpa mwanawe saa ambazo hakuzitumia. Hii ni tofauti na sheria ya taifa: hakuna sharti la kuwa bado jeshini. California nayo husamehe ada za vyuo vyake kwa wategemezi wa maveterani wenye ulemavu, kwa masharti ya kipato katika baadhi ya makundi.

Lakini msamaha wa karo una mtu anayeulipia, na Virginia ndiyo iliyolionyesha hilo. Jimbo hilo lina mpango wa kuwasomesha wenzi na watoto wa askari waliokufa, waliotekwa, au wenye ulemavu wa kudumu wa angalau asilimia 90. Ni pale yule mtoto wa asilimia 90, aliyeachwa na serikali kuu, anapopata mahali. Idadi ya waliotumia mpango iliongezeka kwa kasi, kwa kuwa maveterani wa Iraq na Afghanistan wanapewa viwango vya juu vya ulemavu kuliko wa vita vya nyuma. Jimbo liliamuru karo isamehewe, ila halikuvipa vyuo fedha za kuziba pengo, na pengo likawa linazibwa na karo za wanafunzi wengine. Mei 2024 wabunge wakapenyeza vizuizi ndani ya bajeti: mpango uwe wa shahada ya kwanza tu, na mwanafunzi atumie kwanza misaada mingine ya serikali kuu. Wajane na maveterani walijaa kwenye kumbi za bunge la jimbo mjini Richmond. Julai, bunge likarudi kwenye kikao maalumu, vizuizi vikafutwa na fedha zaidi zikatengwa kwa vyuo.

Wengi waliisherehekea Virginia kama ushindi wa familia. Ulikuwa ushindi, ila swali la msingi liliahirishwa tu. Ahadi iliyotolewa bila bajeti hugombanisha mjane wa askari na mtoto wa fundi bomba anayelipa karo iliyopandishwa, na wote wawili hawana kosa.

Kwa wenye ndugu jeshini

Kwa familia zetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya mwongozo havikitaji, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Serikali ya Marekani huwatambua wategemezi wa askari kupitia daftari la jeshi liitwalo DEERS. Asiyeandikwa humo hahamishiwi kitu. Ili kuandikwa kunatakiwa cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa. Mke aliyeolewa kwa mahari na baraka za wazee, bila cheti, atalazimika kwanza kuithibitisha ndoa hiyo kisheria. Mtoto aliyezaliwa Bungoma au Kigoma na hakuandikishwa wakati ule anahitaji cheti chake leo, si mwaka atakaoomba chuo.

Mtoto wa marehemu dada yako, uliyemlea tangu hajaanza kutembea, anakuita baba na kijiji kizima kinajua ni mwanao. Kwenye DEERS si mwanao mpaka mahakama iandike hivyo. Wazazi wako, ambao pengine ndio waliouza shamba ukapata nauli, hawamo kabisa katika mafungu haya ya masomo. Mtoto wa kambo anaweza kuingia, mradi ndoa na mama yake imesajiliwa naye anaishi chini ya mikono yako. Sisemi sheria hii ni mbaya. Serikali haiwezi kulipa kwa neno la mdomo. Nasema tu kwamba aliyekulia katika ukoo mpana atalazimika kuuandika ukoo wake kwenye karatasi mapema kuliko jirani yake Mmarekani.

Na kuna lile la mwezi mmoja. Askari akishatoka jeshini hawezi kuongeza jina jipya, hata la mtoto aliyezaliwa mwezi unaofuata. Anachoweza ni kuhamisha miezi kati ya majina yaliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo hata kama nia yake ni kumpa binti mkubwa yote, aandike kila mtoto na mwenzi wake, kila jina walau mwezi mmoja, angali na magwanda. Baadaye atapanga upya atakavyo. Aliyeandika jina moja tu, na huyo mtoto akaamua kwamba chuo si chake, amefunga miezi mahali ambapo wadogo zake hawawezi kuifikia.

Kazi hiyo hufanyika kwenye tovuti ya jeshi iitwayo milConnect, na haimaliziki jioni moja. Baada ya maombi kukubaliwa, mwanafunzi mwenyewe huomba VA kwa fomu 22-1990e. Waliofiwa na watoto wa wenye ulemavu hutumia 22-5490. Ukichanganya fomu hizi mbili, umechanganya mafungu mawili niliyoyaeleza, na jibu litakuwa hapana ingawa haki unayo. Anayestahili Fry na DEA kwa msiba uleule asichague kwa haraka, maana kwa kawaida akishachagua harudi nyuma.

Kama una kaka, binti au shemeji anayevaa sare ya Marekani, na yuko kwenye mwaka wa sita au zaidi, mpigie simu wiki hii. Usimuulize kama ana GI Bill, atakujibu anayo. Muulize kama majina ya mwenzi wake na ya kila mtoto yameingia milConnect na kukubaliwa, na mkataba wake wa miaka minne unakwisha tarehe gani.